Zaburi Iliyopigwa Nyuma ya Pazia

Asubuhi ile kilabu cha Mapipa Matatu kilifurika kuliko siku ya gulio. Watu hawakuja kunywa. Walikuja kukaa juu ya kichwa cha mtu. Enoch Pask alikuwa amefungiwa chini, kwenye stoo ya mapipa, na kila aliyeingia aliupiga mguu mlango wa sakafuni kwa makusudi, ili mfungwa ajue kwamba mji wote wa Kelverton uko macho.

"Mtanivunjia sakafu," alisema Tobias Wragg. "Mtu mwenyewe hajahukumiwa."

"Atahukumiwa tu, Toby," alijibu Hob Tarrant, muuza nyama, povu la bia likiwa limemganda puani. "Wewe kazi yako kufunga farasi kwenye gari. Mengine waachie wenye kamba."

Watu wakacheka. Tobias hakucheka. Kilabu kilikuwa chake, na mwaka huu zamu ya ukonstebo ilikuwa imemwangukia kama inavyomwangukia kila mwenye nyumba mjini, atake asitake. Hadi Jumapili iliyopita kazi hiyo ilikuwa ya kuamua ugomvi wa walevi na kufukuza nguruwe makaburini. Sasa alikuwa amekabidhiwa maiti.

Maiti yenyewe ilikuwa ya Bwana Josias Hallett, mpiga kinanda wa kanisa, mtu ambaye wageni walifunga safari kuja kumsikiliza. Jumapili, baada ya ibada ya alasiri, alikutwa roshanini kando ya benchi lake, kichwa kimepasuliwa kwa chuma chake mwenyewe cha kusawazishia filimbi za kinanda. Kanisa zima lilikuwa ndiyo kwanza limemsikia akipiga muziki wa kutokea waumini. Watu walikuwa bado wanaamkiana mlangoni. Na kule juu, ibada nzima, walikuwa wawili tu: Hallett mbele, nyuma ya pazia jekundu linalomficha mpigaji asionwe na waumini, na Enoch nyuma ya kinanda, kwenye kichumba cha mivukuto, anakovuta mpini ili filimbi zipate upepo. Mmoja kafa. Hesabu ya hakimu iliishia hapo.

"Tena si tulimsikia sote Jumamosi, humu humu?" Mama Quill, muuza mishumaa, aliinua kidole. "Enoch kasimama pale, anamfokea bwana wake mishipa imemtoka: 'Nimechoka kukubeba! Siku moja nitakuacha uanguke!' Mimi hapa nikasema moyoni, wee, hawa wataumizana."

"Moyoni?" alisema Hob. "Ulisema hadi nje wakasikia."

"Nyamaza, wewe mnuka damu."

Tobias alifuta meza iliyokuwa tayari safi. Hakimu, Sir Lambert Coyle, alikuwa ametuma mtu asubuhi: mfungwa apelekwe kwenye jumba lake baada ya chakula cha mchana, akaandikiwe hati, kisha apandishwe gari moja kwa moja hadi gereza la jimbo. Msimu ule gereza lilikuwa na homa, na Enoch alikuwa na kifua kibovu. Asingefika mbele ya majaji. Homa ingemmaliza bure, bila hata wakili wa kumgombea.

Lililomkera Tobias ni daktari. Daktari alifika roshanini akiwa ameshalewa, lakini alipoishika maiti alisema jambo moja la akili timamu: taya limeshaanza kukaza. Sir Lambert akasema ni baridi ya kanisa. Tobias aliwahi kuokota walevi waliokufia mlangoni kwake wakati wa theluji. Baridi humpoza maiti. Haimkazi taya watu wakiwa bado wanatafuta kofia zao.

Lakini kama Hallett alikufa mapema, nani alipiga kinanda? Enoch mwenyewe ndiye aliyekuwa akiliziba tundu hilo. Kila alipoulizwa, aliapa: "Bwana wangu alipiga tangu mwanzo hadi mwisho. Sijapata kumsikia akipiga vile." Alikuwa anajisokotea kamba mwenyewe, tena kwa fahari.

"Mimi Jumapili ile nitaisamehe yote," Mama Quill alikuwa akiendelea, "kwa ajili ya wigi la Trunch."

Kilabu kililipuka kwa kicheko. Obadiah Trunch, karani wa kanisa, aliyekuwa amejikunyata kwenye kona na bilauri yake, akavuta kofia hadi machoni. Jumapili, kwenye ubeti wa pili wa zaburi, alikuwa ameinama kuokota miwani. Alipoinuka, wigi lilibaki limening'inia kwenye msumari wa meza yake. Akaendelea kuongoza zaburi kwa sauti kubwa, kichwa kinang'aa kama yai, hana habari.

"Watoto, wazee, hadi mke wa Kasisi alijificha kwenye mtandio!" Hob alijipiga paja. "Ila kwa wakubwa ndiyo hasara. Sir Lambert na kizimba chake kile cha kukalia chenye kuta ndefu, yeye huingia kusinzia tu. Hakuona kitu. Nasikia hadi leo anauliza watu walikuwa wanachekea nini."

"Mpelekee wigi akalione," alisema Mama Quill.

Tobias akatupa kitambaa. "Hepsy!" alimwita mkewe. "Vaa joho. Tunakwenda kanisani."

"Leo? Umepatwa na wokovu?"

"Vaa joho, mama."

*

Roshani ilinuka vumbi, nta na damu iliyosuguliwa kwa siki. Tobias alimtuma Hepsy azunguke nyuma, aingie kichumba cha mivukuto. Yeye akapita ndani ya pazia, akakaa kwenye benchi la marehemu. Mbele yake funguo zilikuwa zimechakaa katikati kama ngazi ya zamani. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi.

"Unanisikia?"

"Nakusikia hadi tumbo linavyonguruma," alijibu Hepsy kutoka nyuma ya mbao. "Ulikuwa hutaki uji asubuhi, si ndiyo haya."

Kwa hiyo sauti ilipita. Watu wawili wakiwa kazini mahali hapa wasingehitaji kupigiana kelele. Mkono wa kulia wa benchi kulikuwa na kirungu kidogo cha mbao. Tobias alikivuta, na kule nyuma nyundo ndogo ikalia.

"Hii ndiyo ishara," alisema Hepsy. "Mpigaji akikuvutia hiki, wewe unaanza kuvuta upepo. Akivuta tena, unaacha. Enoch alinieleza zamani, akiwa na pombe kichwani."

"Vizuri. Angalia mbao zilizo mbele yako. Niambie unachokiona."

"Kuna ubao umebonyea, Toby. Kando ya mpini, usawa wa kiuno. Mweusi kwa jasho. Mtu amekuwa akiugonga kwa vifundo vya vidole, si leo wala jana."

"Ugonge."

Akagonga. Tobias aliruka. Mgoto ule hakuusikia masikioni, aliusikia gotini. Goti lake la kushoto lilikuwa limeegemea ubao mwembamba chini ya funguo, bila hata yeye kujua ameliweka pale, kwa sababu palikuwa na kishimo kinacholipokea. Akainama, akapapasa. Kishimo kilikuwa laini kama kijiko cha mbao cha siku nyingi. Goti la mtu mwingine ndilo lililokichimba.

"Mpigaji humwita mvuta upepo," alisema polepole. "Hilo najua. Sasa mvuta upepo anamgongea mpigaji kwa lipi? Tena gotini?"

"Labda alikuwa anamchokoza."

Tobias alikaa na wazo hilo, kwa kuwa lingemfaa sana hakimu: mtumishi mwenye chuki, anamkera bwana wake kazini hadi siku wanaposhikana. Lakini mtu anayekerwa huondoa goti. Huyu alikuwa amelibakiza pale hadi mti ukaisha.

"Shuka," alimwambia mkewe. "Nina maneno na Enoch."

*

Enoch alikuwa amekaa juu ya pipa tupu, pingu mikononi, mkate na jibini kando yake havijaguswa. Alikuwa mwembamba, mabega yamepinda kwa kuvuta mpini.

"Gari tayari?" aliuliza.

"Bado. Ule ubao uliobonyea unaugonga wewe?"

"Ubao gani?"

"Usinifanye mtoto, Enoch. Upande wako umechimbwa na vidole, upande wa pili umechimbwa na goti. Ulikuwa unamwambia nini?"

"Kamuulize mwenyewe."

"Marehemu hawezi kunijibu."

"Hata angekuwa hai asingekujibu," alisema Enoch, kisha akaufunga mdomo ghafla kama mtu aliyeng'atwa na nyuki.

Tobias akavuta pipa jingine, akakaa. Juu yao miguu ya wateja ilikuwa inapigapiga. Alisubiri hadi Hob amalize kucheka.

"Tangu lini alikuwa hasikii?"

"Sijui unalosema."

"Jumamosi ulimfokea hapa juu hadi mabilauri yakatetemeka. Hamkuwa mnagombana. Ulikuwa unapaza sauti ili akusikie. Tangu lini?"

Enoch alitazama pingu zake. "Nilimwapia, Toby. Kwa Biblia."

"Umemwapia mtu aliyekufa, na mimi nina mtu aliye hai anayekwenda kufa. Zungumza."

Ikabidi azungumze. Masikio ya Bwana Hallett yalianza kuzimika miaka miwili nyuma, na mwishowe akabaki akisikia tu mtu anapopiga kelele usoni pake. Mkewe alijua, na Enoch, basi. Muziki wake mwenyewe hakuuhitaji sikioni. Aliutoa kichwani, mpya kila Jumapili, wala hakuuandika. Tabu ilikuwa zaburi. Karani wa Kelverton huchagua zaburi papo hapo na kuitangaza, na mpigaji aliye nyuma ya pazia lazima aishike hapo hapo. Basi Enoch alisikiliza kwa niaba yake na kumgongea gotini. Kila tuni ilikuwa na namna yake ya kugongwa.

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi alitaka kujinyonga kwa mdomo wake." Sauti ya Enoch ilipanda. "Bwana Jasper Fenn, mwanafunzi wake wa zamani, yule anayewafundisha mabinti wa Sir Lambert, kachapisha kitabu cha muziki London. Cha kwake, eti. Bwana wangu alikipitia kwa macho, akaona ni yeye mtupu: mambo aliyoyapiga Jumapili hadi Jumapili, Fenn kakaa chini ya roshani anayaokota. Akasema Jumatatu atasimama mbele ya baraza la kanisa amuumbue. Nikamwambia, bwana, wakikuuliza swali utalisikiaje? Watajua, utamwaga unga, na mkeo atatoka kwenye nyumba ya kanisa. Nimechoka kukubeba. Ndiyo hayo mliyoyasikia."

"Fenn alijua habari ya Jumatatu?"

"Bwana wangu alikuwa mtu wa haki. Alimpelekea salamu ajiandae."

Tobias alikuwa kanisani mwenyewe Jumapili, na kuna kitu kilikuwa kinamtekenya.

"Jumapili Trunch alikosea," alisema. "Alitangaza Zaburi ya mia. Kasisi akamkatiza kutoka kwenye meza yake, akasema siyo hiyo, ni ya ishirini na tatu. Wewe ulimgongea ipi bwana wako?"

Uso wa Enoch, ambao tangu Jumapili ulikuwa kama majivu, ukachangamka.

"Ndiyo muujiza wenyewe, Toby! Nilimgongea ya mia. Nikashika mpini kwa mikono miwili, upepo ushaanza kuingia, ndipo nasikia Kasisi anasahihisha. Ningeachia mpini, filimbi zote zingekoroma kama ng'ombe. Nikafumba macho, nikasema leo tumeumbuka mbele ya watu. Na ikatoka ishirini na tatu! Safi, haina kigugumizi. Mungu alimfungulia masikio saa ile ya mwisho. Mtu asiniambie vingine."

Tobias alifungua kinywa, akakifunga. Kisha akainuka, akausogeza mkate karibu na mkono wa mfungwa.

"Kula," alisema. "Utahitaji nguvu."

Alipopanda ngazi na kutokeza kichwa kwenye kilabu, alipiga ngumi mezani.

"Jumapili Bwana Fenn alikaa wapi kanisani?"

"Nyuma, chini ya roshani, kwenye viti vya bure," alisema Hob mara moja. "Mwenyewe amesema. Baada ya ibada nilimwona mlangoni, kamshika Sir Lambert mkono, wakaondoka kwa gari moja. Yuko kule jumbani tangu siku hiyo."

"Sikuulizi amesema nini. Ulikaa naye?"

"Mimi? Mimi nilikaa upande wa Mama Quill."

"Kwangu hakukaa," alisema Mama Quill. "Nilijua yuko na akina Trunch."

"Mimi nilikuwa mezani kwangu, mbele," alinung'unika karani kutoka chini ya kofia. "Kama wote mnavyokumbuka."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyecheka safari hii.

*

Sir Lambert Coyle alikuwa akivunja jozi, divai imesimama kando ya mkono wake wa kulia. Jasper Fenn alikaa kwenye kinanda kidogo cha nyuzi karibu na dirisha, akichezesha vidole bila kubonyeza. Alikuwa kijana nadhifu, soksi za hariri, na sauti ya mtu aliyezoea kupendwa na mama za watu. Giles, mtumishi wa jumba, alisimama mlangoni. Tobias aliingia na Enoch, pingu zinalia.

"Hati iko tayari, Wragg," alisema Sir Lambert. "Weka alama yako uende, kabla mvua haijaharibu barabara."

"Mheshimiwa, naomba Bwana Fenn anisaidie maneno mawili. Alikuwa mwanafunzi wa marehemu."

"Nilikutuma uniletee mtu. Hukutumwa uniletee baraza."

"Maneno mawili tu, mheshimiwa. Gari linasubiri."

Fenn alitabasamu. "Kwa ajili ya mzee Hallett, niko tayari."

"Asante sana, bwana. Ulionana naye Jumapili?"

"Kuonana, hapana. Nilipita chini ya roshani kabla ya ibada, nikamwamkia taratibu, yeye akiwa kule juu nyuma ya pazia. Akanijibu vizuri, akaniuliza habari ya mafua yangu. Ndiyo mara ya mwisho kuisikia sauti yake."

Pingu za Enoch zikalia. Tobias alimkanyaga mguu bila kumtazama.

"Masikini. Kisha ukakaa?"

"Nyuma, kwenye viti vya bure. Siku hizi napenda kuusikia muziki wake nikiwa mbali kidogo."

"Ulifanya vyema, bwana. Na ile zaburi! Nasikia mbavu zako bado zinauma kama zetu."

Fenn alisita, kitambo kidogo sana. "Ndiyo. Tulicheka kidogo, Mungu atusamehe."

"Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo," alisema Tobias, akikuna kichwa, "sikuona vizuri. Ulikuwa unacheka nini?"

"Karani, bila shaka. Alipokosea zaburi, Kasisi akamsahihisha."

Kule mlangoni Giles alikohoa. Sir Lambert aliacha kuvunja jozi. "Una nini, Giles?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Sema. Tangu Jumapili nauliza jambo hili na kila mtu anajitia hamnazo."

"Alipokosea hakuna aliyecheka, mheshimiwa. Kasisi alikuwa amekasirika, tulikaa kimya. Kicheko kilikuja kwenye ubeti wa pili. Wigi la Bwana Trunch lilibaki kwenye msumari. Akaimba kipara. Viti vya bure vyote vililiona, liko mbele ya macho kabisa."

Sir Lambert alimgeukia Fenn. Fenn alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limekaa pabaya.

"Nilikuwa nimefumba macho," alisema. "Nikiimba zaburi nafumba macho. Je, ni kosa? Konstebo, hapa unatafuta nini? Mwuaji umemshika mkononi."

"Mheshimiwa," alisema Tobias, na safari hii hakukuna kichwa, "Bwana Hallett asingeweza kumjibu mtu aliyemwamkia taratibu nyuma ya pazia. Alikuwa kiziwi. Miaka miwili sasa. Mkewe yuko tayari kuapa, nimetoka kwake."

"Toby!" Enoch alilia. "Uliahidi—"

"Sikuahidi kitu. Mheshimiwa, Enoch ndiye aliyekuwa akimgongea zaburi gotini. Jumapili alimgongea ya mia, hakupata nafasi ya kusahihisha. Kinanda kikapiga ya ishirini na tatu. Aliyekaa kwenye benchi lile alimsikia Kasisi kwa masikio yake mwenyewe. Hakuwa Bwana Hallett. Na mji huu wote, anayeweza kupiga kama Bwana Hallett hata watu wasishtuke ni mmoja."

"Upuuzi!" Fenn alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Kiziwi! Mtu aliyekuwa akisikia hata nzi! Kiziwi gani anageuka mara tu mtu anapokanyaga ubao wa—"

Nje farasi wa gari alikuwa anapiga kwato.

"Ubao wa wapi?" aliuliza Sir Lambert.

"Wa roshani, mheshimiwa," alisema Tobias. "Kiziwi husikia kwa miguu. Mtu akipanda kule juu, sakafu inatikisika hadi kwenye benchi. Ila ili ulijue hilo ni lazima uwe umepanda, na yeye awe amekugeukia. Bwana Fenn ametuambia alikuwa chini."

Sir Lambert alisukuma bilauri ya divai mbali naye. Kijana huyu alikuwa amelala chini ya paa lake, amekula mezani pake, amekaa benchi moja na mabinti zake. Alizungumza bila kuinua macho.

"Giles, funga mlango. Wragg, mikono yake."

Tobias alifungua pingu za Enoch na kumfunga nazo Fenn, ambaye alitoa mikono kama mtu anayepimwa glavu. Vidole vilikuwa virefu, vyeupe, na havikutetemeka. "Jumatatu angenimaliza," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Kwa muziki ambao hata kuuandika hakujali."

Enoch alikuwa amebaki katikati ya zulia, mikono mitupu imening'inia. Hakuonekana mtu aliyeponea chupuchupu. Alikuwa akimtazama Fenn kama anayesoma maandishi kwenye mwanga hafifu.

"Toby. Zaburi ile."

"Ndiyo, Enoch."

"Ilipigwa na huyu."

"Huyu."

"Na bwana wangu?"

Tobias aliona afadhali aseme. "Alikuwa sakafuni, kando ya benchi. Tangu kabla ya kengele, wewe hujapanda bado."

Enoch aliinama kidogo, akashika ukingo wa kinanda kidogo cha nyuzi.

"Ule muziki wa kutokea," alisema Enoch hatimaye, akimwambia Fenn usoni, kwa upole wa ajabu, "ulipokwisha, sikuzunguka mbele mara moja. Nilipiga magoti kule nyuma kwenye vumbi. Nililia. Nikamshukuru Mungu kwa kila noti uliyopiga."

Fenn alikuwa mtu wa kwanza mle ndani kuangalia pembeni.